Ikague Nyumba Yako Kabla Mgeni Hajaikagua

Maneno ya memba mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi la Kisumu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu, na wale wa stesheni za mbali ambao hawakuweza kufika.



Katibu ameniomba niseme juu ya mfanyakazi anayetaka kuuza nyumba yake, na namna ya kuitengeneza kabla mnunuzi hajaleta watu wake kuikagua. Najua mwingine atauliza moyoni mwake: Chama kina shauri gani na nyumba ya mtu? Kazi ya Chama ni mishahara, saa za kazi, na ndugu aliyefukuzwa bila haki.

Jibu langu ni hili. Mshahara tunaoupigania hapa, wengi wetu hatuuweki benki. Tunaugeuza matofali. Mwezi huu mifuko mitatu ya simiti, mwezi ujao mabati sita, mwaka ujao mlango na madirisha. Baada ya miaka kumi na mitano mtu ana nyumba Manyatta, au Nyamasaria, au Mamboleo, na ukimwuliza akiba yake iko wapi, ataionyesha kwa kidole. Basi siku ile anapoiuza, anauza miaka kumi na mitano ya jasho lake. Akipunjwa siku hiyo, ni kama amefanya kazi miaka kadhaa bila mshahara. Je, hilo si shauri la Chama?

Tena sisi watu wa reli tuna sababu yetu. Tangu njia ilipofika hapa Port Florence mwaka wa 1901, desturi ilikuwa mfanyakazi kukaa katika nyumba za kazi. Baba zetu walilelewa humo. Lakini nyumba ya kazi huondoka pamoja na kazi. Mwaka wa 2006 reli ilipokabidhiwa kampuni ya kukodi, wafanyakazi wengi walipunguzwa, na aliyekuwa hana mahali pake mwenyewe aliona taabu kubwa. Kwa hiyo kizazi chetu kimejenga mapema, nacho kimefanya vema. Sasa yatupasa tujifunze pia kuuza vema.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili wazee wasinielewe vibaya. Sizungumzi juu ya dala. Dala ni boma la ukoo, mna makaburi ya wazee wetu, na shauri lake ni la ukoo mzima. Nazungumza juu ya nyumba ya mjini, ile ploti uliyoinunua kwa fedha yako, ambayo sasa wataka kuiuza kwa kuwa umehamishwa, au unastaafu, au mtoto ameitwa chuo kikuu, au kuna ugonjwa nyumbani.

WANAOKUJA KUKAGUA NI AKINA NANI

Zamani mnunuzi alikuja peke yake siku ya Jumapili amevaa koti, akatazama rangi ya ukuta, akanywa chai, mkapatana. Siku hizi sivyo. Mnunuzi mwenye akili huleta fundi wake. Na kama anakopa fedha benki au katika chama cha akiba na mikopo, wakopeshaji humtuma mthamini aliyesajiliwa kwa sheria, naye huandika ripoti yenye picha. Ripoti ile ndiyo inayosema nyumba yako ni ya bei gani. Baadaye anaweza kuja mpima ardhi kutazama mawe ya mipaka. Watu hawa hawana chuki nawe, wala hawana huruma. Wamelipwa ili watafute ubovu.

Ninyi mnaijua kazi hiyo kuliko wengine. Kabla garimoshi halijaondoka, mkaguzi wa mabehewa hupita kando yake na nyundo ndefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hulia kama debe. Hata ukilipaka rangi mpya, sauti haibadiliki. Dereva mzuri hamwogopi mkaguzi yule, kwa sababu mambo yake ameyatazama mwenyewe asubuhi.

Basi neno langu lote ni hilo: igonge nyumba yako mwenyewe kwanza, ujue inavyolia, kabla mgeni hajaja na nyundo yake.

ANZA NA MAKARATASI

Wengi huanza na rangi. Ni kosa. Nyumba nzuri isiyo na karatasi ni kama behewa lisilo na hati ya safari: limejaa mali lakini halitoki stesheni. Kwa hiyo, miezi mitatu hivi kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba unauza, fanya haya:

1. Nenda ofisi ya ardhi ulitazame daftari, jambo ambalo watu huliita sachi. Hakikisha jina ni lako, namba ya ploti ni ile ile, na hakuna kizuizi kilichoandikwa na benki au mtu mwingine. Kuna ndugu waliomaliza kulipa mkopo zamani, lakini benki haijaondoa jina lake katika daftari. Shida hiyo huonekana siku mnunuzi anapotazama, naye hukimbia.

2. Lipa kodi ya ardhi ya kaunti, upate hati ya kutodaiwa. Msidhani madeni ya siku za Baraza la Manispaa, kabla ya kaunti kuanza mwaka wa 2013, yamekufa kwa sababu ofisi imebadilisha jina.

3. Zungumza na mama watoto. Na wewe mama, zungumza na mzee. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 yasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Mnunuzi atataka kuiona sahihi ya mwenzako. Usingoje mpaka mawakili wameketi ndipo mwenzako asikie habari mara ya kwanza.

4. Kama hati bado ina jina la marehemu baba au marehemu mume, usiuze kitu mpaka mahakama imemaliza shauri la urithi. Kuuza mali ya marehemu bila ruhusa hiyo ni kosa la jinai, hata kama watoto wote wamekubali.

5. Kama ploti iko nje ya mji, katika ardhi ya kilimo, lazima upate idhini ya Bodi ya Ardhi kwa Sheria ya mwaka wa 1967. Bila idhini hiyo mapatano ni bure kabisa.

6. Weka risiti zote mahali pamoja: za simiti, za mabati, za mafundi, za stima na maji. Kodi ya faida ya mali ilikuwa asilimia 5 tangu Januari 2015, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Gharama za kujenga na kuongeza nyumba hupunguzwa katika kuhesabu faida hiyo, lakini ni lazima uonyeshe karatasi. Sheria pia humsamehe mtu anayeuza nyumba aliyokaa mwenyewe kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza. Karatasi za stima na maji zenye jina lako zaweza kukusaidia kuthibitisha kwamba ulikaa humo.

Tena, tafuteni mawe ya mipaka. Usiseme tu kwamba jiwe liko karibu na mwembe. Fyeka majani, uchimbe, ulione. Na sisi wa reli hasa tusijidanganye juu ya ardhi ya akiba ya njia. Mmeona wenyewe yaliyotokea Kibos, Februari 2021, nyumba za ndugu zetu Wanubi zilipobomolewa kwa neno la ardhi ya reli, hali wao walisema wamekaa hapo tangu siku za babu zao. Sisimami hapa kuhukumu shauri lile. Nasema tu kwamba mnunuzi yeyote wa Kisumu leo, akiona reli karibu na ukuta wako, swali lake la kwanza litakuwa hilo. Uwe na jibu la karatasi mkononi.

TOKA JUU, SHUKA CHINI

Sasa nyumba yenyewe. Mimi hufuata njia moja: naanza juu ya paa, nashuka mpaka chini ya msingi, kisha natoka nje. Ukirukaruka utasahau.

Paa. Ninyi mnaijua mvua ya Kisumu. Huja jioni na ngurumo, upepo ukiisukuma, na huingia mahali ambapo mvua ya kawaida haiingii. Usikague paa siku ya jua. Ngoja mvua kubwa, kisha panda darini na tochi. Tazama kila msumari. Msumari uliolegea mpira wake hutoa tone moja tu, lakini tone lile kwa miaka mitano huozesha boriti. Tazama mahali paa linapokutana na ukuta. Kama una mapaa ya zamani ya asbesto, usipande juu yake wala usiyavunje kwa nyundo, maana vumbi lake huua mapafu polepole. Tangu mwaka wa 2006 kanuni za serikali zayahesabu mabaki ya asbesto kuwa takataka za hatari, na kuna watu wenye leseni ya kuyaondoa. Mwambie mnunuzi wazi kwamba paa ni asbesto.

Mbao za paa. Chukua nyundo ndogo ugonge kenchi moja moja, kama tulivyosema juu ya magurudumu. Mbao iliyoliwa na mchwa hulia uvungu. Tafuta vile vinjia vya udongo vinavyopanda ukutani nyuma ya kabati na nyuma ya mlango wa stoo. Ukiviona, usivifute tu kwa kitambaa. Tafuta vinakotokea.

Ukuta. Hapa ndipo nyumba nyingi za pande zetu huanguka katika bei. Ardhi kutoka Nyalenda kwenda Nyamasaria mpaka Kano yote ina udongo mweusi mwingi. Udongo ule hunywa maji ukavimba wakati wa masika, na kiangazi hukauka ukapasuka hata mtoto aweza kutia mkono. Nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Kwa hiyo nyufa ni jambo la kawaida, lakini hazifanani. Ufa mwembamba kama unywele ndani ya plasta si kitu. Ni plasta iliyokauka upesi. Ufa unaotoka pembe ya dirisha na kwenda mshazari, au unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, na unaoingiza senti, huo ni wa msingi.

Je, wajuaje kama ufa bado unatembea? Chukua kipande chembamba cha kioo, ukibandike juu ya ufa kwa simiti pande mbili, uandike tarehe kwa kalamu. Baada ya miezi miwili au mitatu, kioo kikiwa kizima, ufa umetulia. Kikiwa kimevunjika, ukuta unaendelea. Kipande hicho cha kioo kina faida kubwa. Fundi wa mnunuzi akikiona kizima, na tarehe imeandikwa, hofu yake hupungua, maana ameonyeshwa jambo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kulijua kwa siku moja.

Na mara nyingi dawa ya ufa haiko ukutani. Iko nje, katika maji. Gata inayomwaga maji chini ya ukuta hulisha udongo mweusi kila mvua. Mkalitusi ulio karibu na msingi huyanyonya maji yale kiangazi. Geuza maji ya gata yaende mbali, tengeneza njia ya simiti kuzunguka nyumba yenye mwinamo wa kutoka ukutani, nawe utakuwa umefanya zaidi ya kupaka plasta mara kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Nami naongeza: usipoziba maji, utaziba ufa kila mwaka.

Sakafu. Tembea bila viatu. Mahali palipobonyea au panapotoa unyevu mguu utapajua kabla ya jicho.

Stima. Waya zilizofungwa kwa karatasi za nailoni, soketi moja inayobeba jiko na friji na televisheni, taa zilizovutwa kwa waya wa jirani: mambo haya humfanya mthamini afunge daftari lake. Mwite fundi mwenye leseni, atazame mpaka ule waya wa kwenda ardhini, maana radi za kwetu hazina mzaha. Mita iwe na jina lako, na pasiwe na deni.

Maji na choo. Fungua bomba zote kwa pamoja, utazame kama maji yana nguvu. Angalia mita ya maji ukiwa umefunga kila kitu. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja chini ya ardhi. Kama una tangi la maji machafu, lifagiwe kabla ya siku ya ukaguzi, na mfuniko uonekane. Katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda, ambapo wengi wana choo cha shimo na kisima katika ploti moja, fundi atatazama umbali uliopo kati yake. Kama kisima kiko karibu na choo, usiseme maji yake ni ya kunywa.

Nje. Hapa kuna neno la mafuriko. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikihadithia, na watu wa Dunga na kandokando ya ziwa walihama. Kila mnunuzi sasa huuliza, maji yalifika wapi? Alama ya maji hukaa ukutani. Ukiipaka rangi, jirani yako atasema, na mwenye duka atasema. Afadhali useme wewe mwenyewe, uonyeshe na ule mtaro uliouchimba baadaye.

KITU CHA KUTENGENEZA, NA KITU CHA KUSEMA

Baada ya kuzunguka hivyo, utakuwa na orodha ndefu, na moyo utashuka. Usikate tamaa. Igawe orodha ile mara mbili.

Upande mmoja andika yale madogo unayoweza kuyatengeneza kwa mshahara wa mwezi mmoja au miwili: misumari ya paa, gata, kioo kilichovunjika, kitasa, bomba linalodondoka, majani ya uwanja, rangi ya chokaa. Yatengeneze yote. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Misumari na mpira wake pamoja na siku ya fundi ni shilingi 5,000. Mnunuzi akiona doa la maji darini, hatasema, punguza 5,000. Atafikiri paa lote limeoza, naye atasema, punguza 100,000. Hofu ya mnunuzi ni ghali siku zote kuliko ubovu wenyewe, kwa sababu yeye haoni mwisho wake.

Upande wa pili andika yale makubwa usiyoweza: msingi uliotembea, paa la asbesto, choo kilichojaa, ardhi inayoingia maji. Hayo usiyafiche. Mwulize fundi mwaminifu gharama yake, akuandikie katika karatasi, nawe uiweke pamoja na risiti. Mnunuzi akifika, mwambie: jambo hili lipo, gharama yake ni hii, na bei yangu imekwisha kulihesabu. Hapo umefunga mlango wa mabishano.

Najua wapo wanaosema, mbona nijitie kitanzi mwenyewe? Paka rangi, weka kabati mbele ya ufa, uza, ondoka. Ndugu zangu, nawajibu mara tatu.

Kwanza, haifichiki. Niliwahi kufuatana na ndugu mmoja siku nyumba yake ilipokaguliwa. Alikuwa amepaka rangi chumba kimoja tu, usiku wa kuamkia siku ile. Fundi wa mnunuzi, kijana mdogo, aliingia, akanusa, akaweka kidole gumba ukutani, plasta ikaingia ndani kama ugali. Tangu hapo hakuamini neno lolote. Vyumba vingine vilikuwa vizima kabisa, lakini alivipiga nyundo vyote, na bei ikashuka kana kwamba vyote vina maji.

Pili, ukimwambia mtu uongo akanunua kwa kuuamini, aweza kukushtaki, na fedha umekwisha zila.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mnunuzi ni nani? Hatununuliwi na matajiri. Anayenunua nyumba ya mfanyakazi ni mfanyakazi mwingine: mwalimu, muuguzi wa hospitali, dereva, mama anayeuza samaki aliyeweka akiba katika chama chake miaka mingi. Huyu naye amegeuza jasho lake kuwa shilingi. Tukisema sisi ni ndugu siku ya mgomo, tusimwuzie ndugu nyumba itakayomwangukia watoto wake siku ya mvua.

SIKU YENYEWE YA UKAGUZI

Hapa nitasema kwa kifupi. Funguo zote ziwepo, hata za stoo. Stoo iondolewe vitu ili ukuta uonekane. Ngazi ya kupandia darini iwe tayari. Fundi aliyepewa ngazi hajisikii kama mwizi. Mbwa afungwe. Kama una wapangaji, waambie siku chache kabla, kwa heshima. Vyumba ni nyumba zao pia, na mpangaji aliyeghadhibika atamwambia mnunuzi mambo mengi kuliko fundi.

Kaa nyumbani, lakini usimfuate fundi nyuma nyuma ukijitetea. Jibu unaloulizwa. Usilolijua, sema silijui. Makaratasi yawe mezani.

Na dalali asikuharakishe. Kuna madalali waaminifu, lakini wengine kazi yao ni kukuambia kwamba mnunuzi anaondoka na basi la jioni. Chema chajiuza. Usipokee fedha mkononi barabarani kwa neno tupu. Mapatano yaandikwe mbele ya wakili, na ile sehemu ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, ipitie kwa mawakili. Ushuru wa stampu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, hulipwa na mnunuzi. Usikubali kubebeshwa.

SHAURI LANGU KWA TAWI

Ndugu Mwenyekiti, namaliza na shauri, nalo ndilo lililonisimamisha hapa.

Mtu anayeuza nyumba kwa dhiki huwa peke yake. Mnunuzi ana fundi, benki ina mthamini, dalali ana ulimi. Muuzaji ana nini? Ana haraka tu. Na sisi katika tawi hili tunao waashi, tunao maseremala, tunao mafundi wa stima, tunao mafundi wa bomba. Kila siku tunakagua mali ya Shirika kwa mikono hii hii. Kwa nini tusikague nyumba ya memba mwenzetu?

Naomba Halmashauri ichague mafundi wanne, mmoja wa kila kazi. Memba anayetaka kuuza amwandikie Katibu barua. Jumamosi moja wanne hao waende nyumbani kwake, wakague toka paa mpaka msingi kama nilivyoeleza, wamwandikie orodha mbili: ya kutengeneza na ya kusema. Malipo yawe nauli na chai, basi. Na Katibu aweke nakala ya ile orodha ya makaratasi sita ofisini, ili mtu aweze kuisoma kabla hajafika kwa wakili.

Hatutaweza kuipandisha thamani ya udongo mweusi, wala kulirudisha ziwa nyuma. Lakini twaweza kuhakikisha kwamba memba wa tawi hili, siku mgeni anapoingia uani na nyundo, anajua tayari kila sauti itakayotoka.

Nangoja maswali yenu.